Hesabu za Mama Mchoyo

Buenos Aires, 14 Aprili 1996

Mdogo wangu Nélida,

Hujambo na chaki? Mama hajambo na goti lake? Na mwanangu Zulma, kile kikohozi kimemwacha? Mimi huku ni mzima, ila vidole vinauma asubuhi na macho yamechoka kwa uzi mweusi. Mwezi huu karakana inashona suruali za shule, na mimi nimepewa mifuko. Kutwa nzima nashona mifuko tu. Suruali yenyewe ikikamilika siioni.

Sasa nisikilize, maana leo sina porojo. Nimepata shule. Ni ya serikali, haina ada, na iko mtaa wa pili kutoka hapa. Nilikwenda na Mama Casilda, yule wa Oruro anayeshona kola, kwa sababu yeye ana ulimi na mimi mbele ya wakubwa nakuwa bubu. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Alisema Zulma akija mwezi wa tatu mwakani ataingia darasa la nne, lakini kwanza atapewa jaribio la kusoma na la hesabu. Kusoma sina wasiwasi naye. Kwenye hesabu alituonyesha karatasi ya mwaka jana, na yote ni kuzidisha, tena kuzidisha kwenyewe kwa mafumbo. Fulani ana vikapu vitatu, kila kikapu kina hiki na hiki, jumla ngapi. Mtoto akishindwa anarudishwa la pili.

Nimeshakata shauri. Zulma akijua kuzidisha, nakuja mwenyewe baada ya kanivali nimchukue. Asipojua, simchukui. Mtoto mgeni, mrefu kuliko wenzake, amekalishwa na vitoto vya la pili, watamcheka mpaka aichukie shule. Na mimi niko kwenye cherehani tangu alfajiri, nani atamfuta machozi? Bora akae nanyi mwaka mwingine. Lakini Nélida, huo utakuwa mwaka wa nne. Nilimwacha hajaanza kung'oka meno. Nikichelewa tena, siku tukionana atanipa mkono kama anavyompa padri.

Bahati yetu mwaka huu yuko darasani kwako. Mfundishe. Usimdekeze kwa kuwa wewe ni mama yake mdogo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na safari hii nitakayelia ni mimi.

Mpe Mama hiyo sweta. Mifuko yake nimeishona mimi.

Dada yako,
Asunta


Jankopampa, 19 Mei 1996

Dada Asunta,

Shikamoo ya mbali. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la chumvi, ikanuka dizeli mpaka Mama akasema umeanza kazi gereji. Goti lake linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Sweta anailalia. Zulma hakohoi tena, anakula vizuri, na amerefuka hadi sketi imekuwa ya aibu. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, tumeshatandaza viazi nje vigande tupate chuño, viazi vikavu vya akiba, na miguu ya watoto yote ni myeusi kwa kuvikanyaga.

Kuhusu kuzidisha, nimekusikia. Wewe ukisema jambo mara moja linasikika hadi kwa jirani.

Mimi siwaanzishi na jedwali. Naanza na mafungu. Mtoto anapanga mawe, mafungu manne, kila fungu mawe sita, yote sawa. Akishaona kwa macho yake kwamba manne mara sita ni mafungu manne ya sita sita, ndipo tunaingia kwenye mafumbo. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Chuoni hawakuwa wamefika Jankopampa.

Juzi niliandika ubaoni: Mama mmoja anauza vitunguu gulioni. Ana mafungu manne, kila fungu lina vitunguu sita. Umenunua yote. Utarudi nyumbani na vitunguu vingapi?

"Ishirini na tano," likajibu darasa zima.

Nikadhani ni utani. Nikamwita Delia, binti wa fundi bati, ambaye kwa utulivu wake ningemkabidhi funguo za nyumba. Akapanga mawe vizuri kabisa, akahesabu ishirini na nne, akachukua jiwe moja kutoka kwangu akaliweka juu.

"Hilo la nini?"

"Nyongeza, mwalimu."

"Nani kataja nyongeza?"

Wakatazamana. Delia akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mwalimu, umenunua mafungu yote manne. Asikupe hata kimoja? Huyo nani atarudi kwake?"

Hapo Limbert akasimama, unamjua, yule mjukuu wa Mzee Hilarión mwenye masikio. "Mimi nimepata ishirini na nane," akasema.

"Kivipi?"

"Muuzaji ni shangazi yangu. Ananipa kimoja kwa kila fungu."

"Shangazi yako yupi?" akauliza Delia. "Yule anayefungasha na viazi vilivyooza? Labda ndotoni."

Ilibidi niwatenganishe. Nikaona nitoke sokoni, niende mazizini. Nikasema kuna mazizi matatu, kila zizi lina alpaka wanane. Wakataka kujua ni mazizi ya nani. Nikasema si ya mtu. Wakasema hakuna mazizi yasiyo ya mtu, na hakuna matatu yenye idadi sawa, maana kwa kina Limbert wako wengi na kwa kina Delia mbweha amepita. Kipindi kikaisha tunamjadili mbweha.

Zulma naye alikuwemo kwenye ile ishirini na tano. Usiogope. Kosa la darasa zima si kosa la mtoto mmoja, na muda tunao. Nimeamua kuwatafutia muuzaji asiyetoa nyongeza.

Mdogo wako,
Nélida


Buenos Aires, 23 Juni 1996

Mwalimu wetu,

Habari za baridi? Huku si baridi ya kwetu, huku ni ya maji, inaingia kwenye mifupa na kukaa. Lakini sijambo. Mpeni Mama pole ya goti na mumwambie sweta ni ya kuvaa.

Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chai. Mama Casilda alicheka hadi akajichoma sindano. Huyo muuzaji unayemtafuta, mimi nimempata, ana duka hapa kona. Wiki yangu ya kwanza huku nilinunua machungwa, akanifungia, nikabaki nimenyoosha mkono nangoja nyongeza. Akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikaona haya, nikasema hapana, nikaondoka. Hadi leo nikinunua kitu naondoka na kiu.

Kwa hiyo watoto wako hawajakosea. Lakini yule atakayesahihisha karatasi ya Zulma amezaliwa huku, hajui nyongeza ni nini. Ataona ishirini na tano, atapiga mkasi. Wafundishe na jedwali pia, kwa wimbo, kama tulivyoimba sisi. Najua mmesoma mbinu mpya. Mimi bado nikifunga mafurushi ya mifuko naimba saba mara nane kimoyomoyo na sijawahi kupungukiwa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ningemfundisha mwenyewe kama ningekuwa hapo. Sipo, basi natumia mkono wako.

Dada yako,
Asunta


Jankopampa, 18 Agosti 1996

Dada yangu,

Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Theluji ilifunga njia ya lori, halafu barabara ilipofunguka mimi ndiye niliyekuwa nimefungika. Sisi wazima. Mama anaivaa sweta sasa, ila juu yake anavaa ile kuukuu ili mpya isichakae.

Nianze na habari njema. Nimemleta darasani Mama Mchoyo. Nimemchora ubaoni na kofia yake na midomo iliyobanwa, mikono yote miwili juu ya vitunguu vyake. Huyu, nikawaambia, hajawahi kumpa mtu nyongeza tangu azaliwe, hata mama yake mzazi. Watoto wanamzomea kila akitokea. Limbert amempa kuku wao jina hilo, kwa kuwa hatagi. Lakini wamemwelewa. Nikiandika "Mama Mchoyo ana mafungu manne ya vitunguu sita," hakuna tena ishirini na tano. Wanasema ishirini na nne, tena kwa uchungu. Nimewaambia karatasi zote za mitihani duniani zinaandikwa na Mama Mchoyo.

Jedwali wanaimba, kama ulivyotaka. Zulma analiimba mbele na nyuma.

Sasa habari nyingine. Akina Delia na Limbert wamepona, Zulma amepatwa na yake. Akihesabu vitunguu, vikapu, miguu ya kondoo, anakuwa wa kwanza kumaliza na hakosei. Nikileta watu na chakula, anakosea kila mara. Watu wanne wamekaa kula, kila mmoja viazi vitano. Anaandika ishirini na tano. Watu watatu, kila mmoja mikate minne. Anaandika kumi na sita. Si nyongeza ile ya moja, dada. Anaongeza fungu zima.

Nikamkalisha na mawe. "Hesabu watu." Akahesabu wanne. "Kila mmoja viazi vitano, haya panga." Akapanga mafungu matano.

"La tano la nani?"

Nikarudia. Akaangalia viatu vyake. Limbert, ambaye hakuulizwa, akasema Zulma amejihesabu mara mbili, na darasa likacheka, na tangu siku hiyo fumbo lenye watu halijibu kabisa, analiacha tupu. Nyumbani nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali. Mama ameniambia nimwache mtoto ale. Nimemtolea macho, nimemwahidi mkate wa sukari, wapi.

Sitaki kukudanganya. Karatasi ya huko, kwa ulivyosema, imejaa watu. Kama mambo yatabaki hivi mpaka Novemba, labda ingekuwa busara angoje mwaka mmoja, apevuke. Nakuambia kama mwalimu.

Mdogo wako,
Nélida


Buenos Aires, 15 Septemba 1996

Nélida,

Mimi mzima. Natumai Mama na mwanangu ni wazima.

Unaniambia kama mwalimu. Mimi nakujibu kama dada. Umemzoea Zulma. Unamchana nywele, unalala naye kitanda kimoja, akiugua anakuita wewe. Sasa ghafla mtoto anayejua jedwali mbele na nyuma hawezi kuhesabu viazi vya watu wanne, na mwalimu wake, ambaye anafundisha kijiji kizima, hajui sababu. Angoje mwaka mmoja. Na mwaka kesho utasema angoje mwingine.

Sikulaumu kwa kumpenda. Nakulaumu kwa kutojitahidi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe hujazaa.

Nimeshamwambia bosi kuhusu likizo ya Februari. Nasubiri neno lako kama nije au nisije.

Asunta


Jankopampa, 4 Novemba 1996

Dada Asunta,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta na afya. Mama anakusalimia, goti limetulia kwa joto. Zulma anakusalimia. Mimi nimekaa wiki hizi zote sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na kila nilichoandika nilikichana. Neno lako la mwisho lile halikuwa la kumwandikia mtu. Ukija tutalizungumza, au tutaliacha, utakavyo. Kwamba nimemzoea ni kweli. Akiondoka nitalia, hilo nalijua tangu Aprili. Lakini sijamfundisha mtoto ujinga ili abaki.

Sasa sababu ya zile hesabu zake nimeipata. Kaa chini usome polepole.

Unajua Watakatifu Wote ilivyo hapa. Tumeoka tangu usiku wa kuamkia, tanuri la jirani, mikate yenye sura za watu, ngazi za mikate, yote. Mama akatandika meza ya wafu, roho zao zije kula kama kila mwaka. Mwaka huu wetu ni watatu: Baba, kaka Rufino, na marehemu mumeo Teodosio. Mimi nilikuwa na unga hadi kwenye nyusi, sina habari ya shule wala ya kuzidisha. Nikamwambia Zulma, "Kalete mikate midogo, kila mmoja wao sita."

Akaenda, akarudi na aproni imejaa. Akaipanga mezani. Hakutumia mawe, hakutumia vidole. Nikahesabu, nikahesabu tena. Kumi na minane.

Nikamuuliza, "Zulma, mbona leo hukuongeza fungu?"

"La nini? Hawa wote wamekuja, Mama mdogo. Hakuna aliyekosa."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamuuliza, na wale watu wanne wa viazi je?

"Wale ni wa nyumbani," akasema. "Nyumbani kuna mtu hayupo."

"Fumbo halikusema kuna mtu hayupo."

"Kila nyumba ina mtu hayupo."

Dada, pita nyumba zetu kwa akili yako. Baba yake Limbert yuko mbali kwenye kazi ya miwa. Kaka zake Delia wawili wako huko huko kwenu. Mtoto hakusema uongo. Halafu nikalitazama jiko letu ndipo nikaelewa, nikajiona mpumbavu. Mama kila jioni anapakua sahani nne. Ya kwanza kabisa ni yako. Anaifunika na kitambaa, anaiweka pembeni ya jiko, na asubuhi kabla ya shule Zulma anaila. Huwa anasema, "Mama ameniachia." Nimekula kando ya sahani hiyo kila jioni tangu uondoke, na nilikuwa siioni tena, kama mtu asivyouona mlango wa nyumba yake. Sisi tuko watatu, chakula ni cha wanne. Hiyo ndiyo hesabu aliyokulia mtoto, kisha mimi namwandikia kosa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nami nimemsumbua miezi. Hapo ndipo akalia. Wakati ule wa mawe, baada ya darasa, alimwambia Limbert kwamba fungu la tano ni la mama yake. Limbert akamwambia wanaopakuliwa chakula na hawaonekani wakikila ni wafu. Ndiyo maana akafunga mdomo. Alikuwa anaogopa kuniuliza, nisije nikasema ndiyo. Akangoja Watakatifu Wote, aone kama Bibi atakuwekea mkate kwenye ile meza.

Bibi hakukuwekea. Zulma alisimama pale mpaka meza ikaisha kutandikwa, akahakikisha mikate ni ya watatu, hakuna ya kwako. Tangu siku ile anaimba, hata sijui anaimba nini, na leo asubuhi amempiga Limbert kofi. Nimemwadhibu kidogo kwa ajili ya desturi.

Baadaye tukazungumza hesabu. Nikamwambia karatasi ya shule inauliza waliopo tu. Akasema basi ni ya Mama Mchoyo. Nikamwambia naam, yote, na hatuwezi kumbadilisha. Akafikiri. Akauliza kama asiyekuwepo anaweza kuwekwa mahali bila kuandikwa. Tumekubaliana hivi: ana maharage ya kukaanga mfukoni mwa aproni, akisoma fumbo lenye watu anashika kwanza fungu la asiyekuwepo humo mfukoni, kisha anaandika jibu la waliopo. Nimempa mafumbo kumi ya watu na chakula. Amepata yote kumi, mkono mmoja mfukoni.

Njoo umchukue.

Mdogo wako,
Nélida


Buenos Aires, 1 Desemba 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa mwanangu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nilipewa mchana, nikaisoma nimesimama kati ya mafurushi. Nilishona mifuko ya siku ile mingine imeelekea ndani, mingine nje, na bosi akanitaka nifumue yote. Mama Casilda alinisaidia kufumua, naye hakuniuliza mpaka jioni. Nilipomwambia, akasema mama yake huko Oruro naye bila shaka anapakua ya kwake, na hakuwahi kufikiria ni nani anayeila.

Miaka hii yote nilijua mnanikumbuka. Sikujua kama nalishwa. Kuna siku hapa nimelala na chai tupu ili nitume kitu, nikajihurumia sana, kumbe sahani yangu iko pembeni ya jiko na mwanangu anaila asubuhi. Nimefurahi ni yeye anayeila. Nakuambia hivi na machozi yananitoka na sioni haya.

Lile neno nililokuandikia, la kuzaa, nalifuta. Nililiandika kwa wivu. Wewe unamchana nywele na mimi nashona mifuko ya watoto wa watu. Ulikuwa na haki ya kunyamaza zaidi ya ulivyonyamaza. Kama unaweza, nisamehe kabla sijafika, ili nikifika tule tu.

Bosi amekubali. Nafika Jumatatu baada ya kanivali, kwa basi la Oruro, kisha lori. Usimwambie Zulma siku, asije akakaa barabarani kwenye mvua. Mwambie Mama siku hiyo asipakue ya pembeni. Nitakuwepo.

Na huyo Limbert nitamletea zawadi, masikini, baba yake yuko kwenye miwa. Yeye naye hesabu yake ni ngumu.

Dada yako,
Asunta


Buenos Aires, 16 Machi 1997

Mdogo wangu Nélida,

Hamjambo huko? Tumefika salama, mimi na Zulma, pamoja na jibini la Mama, ambalo mpakani askari alitaka kulimega nusu nzima. Zulma alitapika mara moja tu njiani. Kwenye basi hakulia. Alilia usiku wa kwanza, akakuita wewe, nikamwambia Mama mdogo amelala, na mimi nipo. Alikubali nimchane nywele asubuhi. Nimezisuka vibaya, amezivumilia.

Jaribio alifanya Alhamisi ya tarehe sita. Nilimwomba bosi saa moja, nikakaa kwenye kibenchi nje, mlango wazi, namwona. Kusoma alisoma. Ikaja karatasi ya hesabu. Mwalimu, msichana mdogo, ana sauti nzuri, alimsomea fumbo la kwanza: familia ya watu watatu, kila mmoja anakula matofaa matano. Nikamwona Zulma anatia mkono mfukoni. Mwalimu naye akauona mkono, akadhani mtoto ameficha majibu. Akamwambia kwa upole atoe alicho nacho. Zulma akatoa maharage, matano, akayaweka mezani.

"Unahesabia haya?"

"Hapana, mwalimu. Haya ni ya Bibi."

Yule msichana akaniangalia mimi mlangoni. Nikataka kueleza, ulimi ukafa kama kawaida yangu. Nikasema tu, "Bibi yake yuko mbali." Akafikiri kidogo, akamrudishia maharage yake. Zulma akayarudisha mfukoni, akaandika kumi na tano. Yaliyofuata aliyamaliza wakati mwalimu bado anafunga dirisha. Ameingia darasa la nne. Jumatatu ameanza, na anakaa na mtoto mwingine wa kwetu, wa Potosí, kwa hiyo wakichekwa watachekwa pamoja.

Jioni ile nilipika supu ya kinoa, ile nafaka ya kwetu, kwa furaha, kwenye lile jiko la pamoja la ushoroba. Nikapakua sahani mbili. Zulma akasimama pale anaangalia sufuria.

"Mama, tuko wangapi?"

"Wawili."

"Basi sahani nne," akasema. "Ya Bibi na ya Mama mdogo."

Nikaosha nyingine mbili. Supu ilikuwa ya watu wawili, ikabidi niiongeze maji, haikuwa na ladha tena na tuliila hivyo hivyo. Hizo mbili akazifunika na kitambaa. Nikamwambia hapa hatuna pa kuziweka, jiko ni la watu, asubuhi hatutazikuta. Akafikiri. Akazichukua, akagonga mlango wa mbele yetu, kwa Mzee Eulogio, yule wa Paraguay anayetoboa matundu ya vifungo. Miaka mitatu tumeamkiana naye kwa kichwa tu. Akampa zote mbili. Mzee akauliza zimetoka kwa nani, na Zulma akamwambia majina yenu, Saturnina na Nélida, na mnakaa wapi. Asubuhi yake alizirudisha zimeoshwa, na juu yake aliweka machungwa mawili. Zulma ameniambia hiyo ndiyo nyongeza.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Najua bado mnapakua nne hapo, nyinyi wawili, na sisi wawili huku tunapakua nne. Asubuhi usiiache ya Zulma ikapoa, uile wewe kabla ya kwenda shule. Yangu mpe Limbert.

Dada yako,
Asunta